Sina cha kuficha, sasa niogope nini?

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mtu mzima. Sijawahi kulala mahabusu hata usiku mmoja, kodi nalipa, na sina ugomvi na mtu. Binti yangu ananigombeza kila nikibonyeza "Nakubali" kwenye simu bila kusoma. Kompyuta yake ameibandika kipande cha karatasi kwenye kamera, na ananitaka nami nifanye hivyo. Namwambia wanaoogopa kuangaliwa ni wezi. Serikali ikitaka kusoma jumbe zangu izisome tu, itachoka yenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nani kati yetu kakosea?

Jibu: Ndugu yangu, niruhusu nianze na methali yako, maana umeitupa bila kujua kuwa inakurudia mwenyewe. Mficha uchi hazai, ni kweli. Lakini uchi huo anafunuliwa nani? Mkunga. Mlango umefungwa, waliomo chumbani ni wale wanaohitajika, na mkunga akishamaliza kazi yake hapiti mitaani akisimulia alichokiona. Methali haikumwambia mzazi akajifungulie njia panda.

Halafu kuna maneno mawili uliyoyachanganya katika barua yako: siri na faragha. Siri ni jambo usilotaka lijulikane. Faragha ni nafasi, pale pembeni palipo mbali na macho na masikio yasiyohusika. Mzazi anapomvuta mwanawe faragha ili amkanye, hana siri anayoificha. Pengine mtaa mzima unalijua kosa la mtoto. Analinda heshima ya mtoto tu. Kwa hiyo uliposema huna cha kuficha ulijibu swali la siri, na mimi naliamini jibu lako. Swali la faragha hujaligusa.

Nikupe kwanza haki yako. Kama binti yako anadhani kuna afisa aliyevaa visikilizi masikioni, anakusikiliza wewe ukiulizia hali za wajukuu, basi anakuza mambo. Maafisa wa namna hiyo waliwahi kuwapo. Ujerumani Mashariki ilikuwa na wizara ya usalama iliyojulikana kwa jina la Stasi, na mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 90,000, mbali na wapasha habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu kama milioni 16. Mafaili waliyoyaacha ukiyapanga kwenye rafu yanafika kilomita 111. Hata hivyo, jeshi lote lile lilikuwa la binadamu. Binadamu hulala, huumwa, huchoka kusoma barua za mapenzi za watu wengine. Ndiyo maana katika barua yako sentensi ninayoipinga kuliko zote ni hiyo ya "itachoka yenyewe". Wananchi wengi wa zamani waliokolewa na uchovu wa wapelelezi, wala si na huruma yao. Kumfuata mtu mmoja usiku na mchana kulitaka watu kadhaa, magari, na zamu za kupokezana. Leo simu iliyo mfukoni mwako inashika zamu zote peke yake, na chaji unailipia wewe.

Tena haihitaji kukusoma. Chukua mfano huu. Simu ya mtu iko hospitali kuanzia jioni. Saa tisa usiku inapiga namba moja, ya kaka yake. Ndani ya saa moja inapigiwa na namba kumi na mbili, na asubuhi inaelekea mji wa wazazi wake. Hakuna aliyesikia hata neno moja, lakini msiba umeshajulikana, na ukoo mzima umeshachorwa: nani aliambiwa kwanza, nani hakuambiwa kabisa. Nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa wapi, kwa muda gani: wataalamu huziita metadata, na mara nyingi zina maana kuliko maneno yenyewe, kwa sababu mdomo unaweza kudanganya lakini mwenendo ni vigumu. Michael Hayden, aliyewahi kuongoza mashirika mawili makubwa ya ujasusi ya Marekani, NSA na CIA, alitamka hadharani mwaka 2014 kwamba wanaua watu kwa kutegemea metadata. Mkuu wa zamani wa ujasusi akikwambia kitu fulani kina uzito, mwamini.

Usije ukajifariji kwamba taarifa hizo hazina jina. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa nyendo za simu za watu milioni moja na nusu kwa miezi 15, majina yakiwa yameondolewa. Waligundua kwamba ukijua sehemu nne tu alizokuwa mtu, na takriban saa aliyokuwa hapo, unaweza kumtenga na wengine wote katika asilimia 95 ya hali. Nyumbani, kazini, kwa ndugu, kwenye ibada: tayari ni wewe na si mwingine.

Sasa nije kwenye kiini. "Sina cha kuficha" ni kauli inayodhani kwamba wewe ndiye mwamuzi wa kama unacho au huna. Sivyo. Anayeamua ni yule aliyeishika kumbukumbu yako, kwa vigezo vyake, siku atakayoamua kuifungua. Tafadhali ishike hiyo, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapo.

Kule San Francisco, mwezi Februari 2021, baba mmoja alimpiga picha mwanawe mdogo aliyekuwa amevimba sehemu za siri. Picha ilihitajika ili daktari aione kabla ya mashauriano kwa njia ya video. Huyo baba alikuwa anafanya ilichosema methali yako, anamfunulia mkunga. Picha ikajihifadhi yenyewe kwenye akaunti yake ya Google, mashine ikaichukulia kuwa unyanyasaji wa watoto, akaunti ikafungwa na taarifa ikapelekwa kwa vyombo vya dola. Polisi walichunguza wakasema hakuna kosa. Akaunti yake, na miaka ya barua pepe na picha za familia zilizokuwamo, haikurudishwa. Mtu huyu alikuwa na nini cha kuficha? Na kutii sheria kulimsaidia nini mbele ya mashine isiyojua tofauti ya mzazi na mhalifu?

Mwaka mmoja kabla, polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walimkamata mtu mbele ya mke na watoto wake kwa sababu programu ya kutambua nyuso ilisema sura yake inafanana na ya mwizi aliyenaswa na kamera dukani. Alikaa ndani karibu saa 30. Hakuwa yeye.

Utaniambia hayo ni makosa machache. Basi tupige hesabu, maana huwa naona watu wengi, hata wasomi, wanateleza hapa. Tuseme kuna programu ya kuwasaka wahalifu wa hatari iliyo sahihi kwa asilimia 99. Nzuri sana, sivyo? Ipe nchi ya watu milioni moja wenye wahalifu 100 ndani yao. Itawanasa 99. Lakini wasio na hatia ni 999,900, na kwa kukosea asilimia moja tu itawanyooshea kidole watu 9,999. Yaani kwenye orodha itakayomfikia afisa, katika kila watu mia moja hakuna hata mmoja kamili aliye mhalifu wa kweli. Waliobaki ni watu wazima, wanaolipa kodi, wasio na ugomvi na mtu. Hesabu hii nimeibuni ili uione njia, lakini njia yenyewe ni ileile popote unapowamulika wote ili umpate mmoja.

Halafu kuna suala la wakati, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko kamera ya binti yako. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa kwa ustadi mkubwa. Kila mtu na kadi yake: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, dini. Dini iliandikwa kwa nia njema kabisa, kwa mambo ya kawaida ya utawala. Aliyejaza "Myahudi" alijaza bila wasiwasi, kwa kuwa hakuwa anavunja sheria yoyote na serikali yake haikuwa na ubaya naye. Mei 1940 Wajerumani wakaingia. Daftari halikuhitaji kutengenezwa, lilikuwa tayari mezani. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa nchini, zaidi ya 100,000 waliuawa, karibu robo tatu, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingine za Ulaya Magharibi. Daftari peke yake halikuua mtu, na wanahistoria wanataja sababu nyingine pia, lakini Waholanzi wenyewe walijua lilivyo silaha. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wapinzani, baadhi wakiwa wamevaa sare za polisi, waliingia katika ofisi ya kumbukumbu za wakazi ya Amsterdam wakaitia moto. Fikiri kidogo: raia wema wanahatarisha shingo zao ili kuchoma kadi zilizojazwa bila wasiwasi wowote. Sehemu kubwa ya kadi haikuungua, na wengi wa waliohusika walinaswa wakapigwa risasi.

Usidhani ni lazima nchi ivamiwe. Marekani ilifanya sensa mwaka 1940 ikiwaahidi watu kwa sheria kwamba majibu yao yatabaki siri. Machi 1942 ikapitishwa sheria ya vita iliyoiondoa ahadi hiyo, na takwimu za sensa zikatumika kujua wenye asili ya Kijapani wanakaa wapi. Watu wapatao 120,000 walihamishwa kwa nguvu wakafungiwa kambini, wengi wao wakiwa raia wa kuzaliwa. Serikali iliomba radhi mwaka 1988, zaidi ya miaka 40 baadaye. Walichojaza kwenye fomu hakikubadilika hata nukta. Mshika fomu ndiye aliyebadilika.

Na hao ni wenye mamlaka halali. Nyumba yenye hazina huwavuta wezi pia. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wadukuzi wameingia katika ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani na kuondoka na taarifa za watu milioni 21.5. Nyingi zilitokana na fomu za uchunguzi wa mienendo, zile anazojaza mtu anayetaka kuaminiwa na nyaraka nyeti: madeni yake, jamaa zake, magonjwa yake ya akili, marafiki zake wa kigeni. Yaani walioibiwa wengi wao ni watu waliochunguzwa rasmi wakaonekana ni waadilifu. Katika wizi huo zilikwenda pia alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila ikiibwa unaweka nyingine. Kidole je?

Finland, mwaka 2020, wagonjwa wa kituo cha tiba ya akili kiitwacho Vastaamo walianza kupokea barua pepe za kudaiwa fedha ili mazungumzo yao na mtaalamu wao yasiwekwe mtandaoni. Walioathirika walikuwa maelfu kwa maelfu, baadhi yao vijana wadogo. Walikuwa wamesema mbele ya mshauri mmoja, mlango umefungwa, mambo ambayo hawakuwahi kuwaambia hata wenzi wao. Mkunga hakusema kitu. Daftari lake ndilo lililosema.

Wakati mwingine anayechungulia ni mwajiriwa wa ndani mwenye ufunguo halali. NSA ilipobanwa na seneta mmoja mwaka 2013 ilikiri kuwa na visa 12 vilivyothibitishwa, katika muda wa miaka kumi, vya wafanyakazi waliotumia mitambo makusudi kinyume cha taratibu, na kadhaa kati yao walikuwa wanawachunguza wapenzi wao au wenzi wao wa ndoa. Kumi na wawili si wengi. Hao ni wale waliogundulika, wengine kwa kukiri wenyewe.

Ungeniuliza: basi hutaki wahalifu wakamatwe? Nataka. Polisi akiwa na mshukiwa, akaenda kwa hakimu, akaeleza sababu, akapewa kibali cha kumsikiliza huyo mmoja kwa muda maalumu, sina neno. Huo ni mshipi na ndoana, unajua samaki unayemtaka. Kinachonisumbua ni juya linalokokota kila kilichomo majini, kisha samaki wote wanawekwa kwenye barafu kwa sababu huenda siku moja wakahitajika. Na nikiri kwamba juya nalo huvua. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata aliyekuwa askari polisi zamani, kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980, baada ya kulinganisha vinasaba (DNA) vilivyobaki kwenye matukio na vya watu waliojipima kwa hiari wakitafuta asili ya koo zao. Familia za waliouawa zilisubiri kwa zaidi ya miaka 30, na siwezi kuziambia kwamba ilikuwa vibaya. Lakini angalia kilichomfichua: ndugu wa mbali, ambao huenda hajawahi kuwaona, walitema mate kwenye kichupa. Yeye mwenyewe hakukubali lolote.

Hapo ndipo ninapomtetea binti yako. Unapobonyeza "Nakubali" na programu ikaomba orodha ya majina ya simuni, ukaipa, umeitoa namba ya binti yako, ya daktari wako, ya jirani aliyekupa namba yake akiwa na shida. Wao hawakuulizwa. Wewe huna cha kuficha, sawa. Una uhakika hakuna hata mmoja kati ya hao anayemkwepa mume mpigaji? Hakuna anayetibiwa ugonjwa ambao hajamwambia mwajiri wake? Mwandishi wa habari, wakili, kiongozi wa wafanyakazi, hawa wanahitaji faragha ili wafanye kazi zao, na faragha yao inakuwa nyembamba kila mmoja wetu anapogawa ya kwake. Isitoshe, mtu pekee anayejificha katika nchi ambayo wengine wote wako wazi anaonekana kama mshukiwa kwa kule kujificha tu.

Tena umeitaja serikali peke yake. Kampuni zinakujua zaidi, na zipo za udalali ambazo biashara yake ni kununua nyendo za watu na kuziuza upya kwa yeyote mwenye fedha. Mwaka 2013 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi ya simu. Tochi tu, ya kumulika gizani. Ilikuwa imepakuliwa mara milioni nyingi, na kumbe ilikuwa inawapelekea watangazaji wa biashara taarifa za mahali watumiaji walipo.

Sasa ufanye nini? Karatasi kwenye kamera haina ubaya, mimi mwenyewe ninayo, ila ni jambo dogo. Makubwa ni mahali ulipo na watu unaowajua. Fungua mipangilio ya simu yako, nenda kwenye ruhusa, uangalie programu moja moja. Ya ramani inahitaji kujua ulipo, iruhusu wakati unapoitumia tu. Mchezo wa karata hauhitaji, ikatalie. Orodha ya majina inyime karibu zote. Usizozitumia zifute. Weka nywila tofauti kwa barua pepe na kwa benki, na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya kuthibitisha kuwa ni wewe, kwa sababu mwizi wa kawaida atakufikia mapema kuliko jasusi. Mazungumzo nyeti yapitishe kwenye huduma inayosimba ujumbe, yaani inayoufunga usisomeke na wa katikati, tangu simu yako hadi simu ya mwenzio. Na yale usiyoweza kuyabadilisha yakishatoka, vidole, uso, vinasaba, historia ya magonjwa, yafanyie ubahili wa kweli. Fomu ikiuliza dini au kabila lako mahali pasipohusika, uliza kwa upole ni ya nini. Mara nyingi utakuta hata karani hajui, na ataiacha wazi.

Mengine hayako mikononi mwako peke yako. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 12, linakataza kuingiliwa kiholela katika faragha, familia, nyumba na barua za mtu, na watu wa kawaida wamewahi kuitumia haki ya namna hiyo mahakamani wakashinda. Februari 2020 mahakama ya The Hague iliuzuia mfumo wa serikali uliokuwa ukiunganisha taarifa za wakazi ili kubashiri nani atadanganya kwenye misaada ya jamii. Ndiyo, Uholanzi tena, nchi ileile ya daftari. Na ni nchi hiyohiyo ambayo serikali yake ilijiuzulu Januari 2021 baada ya kubainika kwamba mamlaka ya kodi iliwabambika wazazi kwa maelfu tuhuma za udanganyifu wa posho za malezi, na kwamba uraia wa nchi mbili ulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Kuna waliofilisika, wengine wakapoteza nyumba. Hatia yao mara nyingi ilikuwa sahihi moja iliyokosekana kwenye fomu.

Kwa hiyo umeuliza nani kakosea. Binti yako amekosea kidogo kuhusu nani anayemchungulia. Wewe umekosea kuhusu uchovu, na kuhusu nani anayeamua kama una cha kuficha. Kaeni wawili, kila mtu na simu yake, mhesabu ni programu ngapi zina ruhusa ya kujua mlipo muda huu. Nina hakika hata yake itawashangaza.